Uwanja wa ndege wa zamani wa Mbeya: nani aliujenga, na vita viliufikiaje?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Naishi Mbeya mjini, si mbali na uwanja wa ndege wa zamani. Marehemu babu yangu alikuwa Keya (jeshi la King's African Rifles), alifika hadi Bama (Burma), na alikuwa akituambia kwamba wakati wa Vita vya Hitla uwanja ule ulijaa ndege za vita. Wazee wengine mtaani wanasema ulijengwa na Mjerumani. Juzi wamekuja vijana na mashine ya kupima madini, wanadai chini kuna mali imefukiwa. Nilipokuwa sekondari mwalimu wa historia alituambia Mbeya hapakupiganwa vita vya Hitla, nikaona babu alikuwa anatutungia. Nani mkweli? Na kwa nini uwanja wenyewe ulikufa? Ndaga fijo."

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Babu yako alisema kweli, na mwalimu wako naye alisema kweli. Walio nje ya kweli ni wenye mashine, na hao nitawarudia kwa sababu wanaweza kujiumiza.

Ubishi wenu unatokana na maneno "ndege za vita". Mtu akiyasikia anawaza mizinga, mahandaki, na ndege zinazopaa kwenda kupiga mabomu na kurudi zina matundu ya risasi. Mbeya haikuwa hivyo hata siku moja. Ilikuwa kituo cha njiani, vile Makambako ilivyo kwa dereva wa lori: unafika, unajaza mafuta, unakula, unalala ikibidi, alfajiri unaondoka. Kituo hicho kilifunguliwa kwa ajili ya barua. Vita vilipokuja vikakuta njia imekwisha kupasuliwa, vikaipita.

Tumtoe kwanza Mjerumani. Huku kwetu kila kitu kikuukuu ni cha Mjerumani: daraja, mwembe, kisima, hata nyumba aliyoijenga Mwingereza miaka ya hamsini. Kwenye ndege, hesabu yake ni fupi mno. Vita vya kwanza vilipoanza, koloni lote la Kijerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na ndege moja. Aliileta rubani aliyeitwa Bruno Büchner mwaka 1914, akitarajia kuirusha kwenye maonyesho makubwa yaliyopangwa kufanyika Dar es Salaam mwezi Agosti. Vita vikaanza, maonyesho yakafa, ndege ikachukuliwa na jeshi na haikudumu. Waliokuwa na ndege ni Waingereza. Mwaka 1915 ndege zao ziliruka kutoka Mafia kuelekeza makombora ya meli zilizoimaliza manowari Königsberg kwenye delta ya Rufiji, na Januari 1916 kikosi chao namba 26 kikashuka Mombasa, kikaanzia Mbuyuni na kulifuata jeshi hadi Morogoro.

Mjerumani alijaribu mara moja tu kutuma kitu kwa hewa. Novemba 1917 chombo kikubwa cha gesi, L59, kilipaa kutoka Bulgaria kikiwa na tani 15 hivi za dawa, risasi na vifaa vya kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Kikavuka bahari, kikavuka jangwa, kikafika Sudan, kikarudishwa kwa amri ya redio. Kilitua kilikotoka baada ya saa 95 hewani. Huwa napenda kukitaja kwa sababu watu wa kusini wamenihakikishia mara nyingi kwamba babu zao walikiona kikipita. Hawakukiona. Kiliishia Sudan.

Sasa pima tarehe. Boma la Mjerumani upande huu lilikuwa Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu ya leo. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey liliingia huko Mei 1916, na Iringa ikaangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Agosti mwaka huo huo. Lettow-Vorbeck alikatiza tena nyanda hizi Oktoba 1918, akapita Njombe kuelekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), lakini huyo alikuwa mtu wa kupita usiku na kuhama asubuhi, hakuwa na nafasi ya kusawazisha kiwanja. Mji wa Mbeya wenyewe ulianza 1927, Mwingereza akiwa na mamlaka ya nchi kwa miaka kadhaa, na kilichouleta ni dhahabu ya Lupa kule Chunya.

Kama Mjerumani hayumo, uwanja umetoka wapi? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo na tutoke nje ya Mbeya.

Baada ya vita vya kwanza, Waingereza walikuwa na marubani wengi, ndege nyingi, na ndoto ya kuunganisha Cairo na Cape Town kwa hewa. Mwaka 1919 walituma vikundi vya wapimaji kuchagua viwanja. Kazi ngumu kuliko zote haikuwa miti. Ilikuwa vichuguu. Pale Ndola, watu wapatao 700 walichimba vichuguu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Agosti, wakaondoa udongo wa tani kama 25,000, na baadhi ya vichuguu vilikuwa na urefu wa mita saba na zaidi. Wewe uliyekulia Mbeya unakijua kichuguu: juu unakiona kama kibanda, lakini mji wenyewe uko chini, na ukikikata bila kuufikia mzizi wake, msimu ujao kimerudi. Kwa jembe na karai. Majina ya waliofanya kazi ile hayakuandikwa popote, ya marubani yamejaa vitabu.

Njia hiyo ya kwanza haikupita Mbeya. Ilipita Tabora ikaelekea Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Van Ryneveld na Brand, marubani wa Afrika Kusini, waliimaliza mwaka 1920 kwa siku 45, na katika safari hiyo walivunja ndege mbili, wakafika Cape Town na ya tatu. Njia yetu ilikuja baadaye, shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za ratiba. Februari 1931 lilifungua safari ya London hadi Mwanza. Tarehe 20 Januari 1932 barua za kwanza za kwenda moja kwa moja Cape Town zikaondoka London, na abiria wakaruhusiwa mwezi Aprili. Baada ya Nairobi vituo vilikuwa Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill ambayo ndiyo Kabwe, halafu Salisbury, ndiyo Harare ya leo, na kuendelea kusini.

Chukua ramani uweke rula juu yake. Moshi hadi Dodoma ni kama kilometa 360 kwa mstari wa moja kwa moja. Dodoma hadi Mbeya, 390 na ushei. Mbeya hadi Mpika, 390 tena. Hiyo haikutokea kwa bahati. Ndege za kituo hadi kituo za wakati ule, zile Hercules za injini tatu na baadaye Atalanta za injini nne, zilikuwa na uwezo wa kuruka kilometa 600 na kitu kwa tangi moja. Rubani anataka afike na bado ana akiba: pengine Mbeya imefunikwa na ukungu, au mvua imeukalia Usangu wote. Kwa hiyo unapanga vituo kwa nafasi ambayo inamwachia theluthi ya mafuta mkononi. Mbeya ikawa kwenye hesabu hiyo, na juu ya hapo ilikuwa na barabara, na wachimba dhahabu wa Lupa walikuwa na fedha na barua za kupeleka.

Usiwaze uwanja wa leo wenye lami na mistari. Uwanja wa enzi zile ulikuwa uwanda wa majani, mpana kila upande, kwa sababu ndege nyepesi ya mabawa mawili haipendi upepo wa ubavuni. Rubani alichagua mwenyewe atue kuelekea wapi. Katikati walichora mduara mkubwa mweupe, kwa mawe yaliyopakwa chokaa, na jina la mahali kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka juu. Pembeni mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo. Kibanda. Stoo ya mafuta, imewekwa mbali kidogo. Basi.

Kitu kilichoutesa uwanja ule tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ni mwinuko. Mbeya iko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja kati ya sita, na mchana jua likiwaka upungufu huo unafika karibu sehemu moja kati ya tano. Bawa linabebwa na hewa. Injini inapumua hewa. Propela inashika hewa. Vyote vitatu vinapungukiwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndege inayopaa vizuri pale Dar itakimbia sana kabla ya kuinuka Mbeya, na mbele yake kuna vilima vya kukwepa. Ukisimama pale uwanjani ukatazama kaskazini, mlima Loleza umekukalia kichwani.

Nimewahi kuliona hili kwa macho. Miaka mingi nyuma, nikiwa kwenye kazi ya kupima viwanja, nilipanda ndege ndogo pale Mbeya saa nane mchana. Tulikuwa tumeshafunga mikanda. Rubani akatoka nje, akautazama mfuko wa upepo, akarudi na kikaratasi cha hesabu, akaamuru magunia mawili ya mchele wa Kyela yashushwe. Mwenye mchele, mama mmoja mtu mzima, akawaka: amelipia, ana risiti, mchele unakwenda harusini! Rubani hakubishana naye. Alisema, "Mama, mchele utasafiri kesho saa moja asubuhi, kukiwa na baridi. Au ushuke wewe ubaki nao." Yule mama alitununia hadi Dar. Lakini rubani alikuwa anafanya hesabu ile ile waliyokuwa wakiifanya wenzake wa 1932, na ndiyo maana tangu zamani ndege za Mbeya zilipenda alfajiri.

Mwaka 1937 uwanja ulipata pigo la kwanza. Imperial Airways walihamishia safari zao kuu kwenye ndege za kutua majini, na hizo zilifuata maji: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, mpaka Durban. Mbeya, isiyo na ziwa wala bahari, ikabaki na ndege ndogo. Ungesema uwanja umeshakufa ukiwa na miaka mitano. Kilichoufufua ni vita.

Ndege ya kivita ya kawaida haitui majini. Inataka ardhi ngumu, mafuta, na kituo kingine kisichozidi uwezo wa tangi lake, na kutoka Rhodesia na Afrika Kusini kwenda Kenya mnyororo wa namna hiyo ulikuwepo tayari, pamoja na mawe yake meupe. Mwishoni mwa Agosti 1939, siku chache kabla vita havijatangazwa, kikosi cha anga cha Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) kilikuwa kimeshapanda hadi Nairobi na ndege zake za mabawa mawili. Mei 1940 zikafuata ndege za mabomu za Afrika Kusini, zile Junkers 86, na jambo la kuchekesha ni kwamba zilikuwa ndege za abiria zilizonunuliwa Ujerumani, zikavalishwa mabomu kwenda kumpiga rafiki wa Ujerumani. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni. Kesho yake, tarehe 11, ndege hizo zilikuwa zinapiga mabomu Moyale.

Huku chini nako barabara haikulala. Magari ya jeshi la Afrika Kusini yalipanda kwa misafara kutoka mwisho wa reli kule Broken Hill, yakaingia Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha, hadi Kenya. Kwa hiyo mtoto wa Mbeya wa mwaka 1940 aliona vumbi la malori chini na kusikia injini juu, mwezi baada ya mwezi. Mtu aliyezoea kuona ndege moja au mbili kwa wiki, siku akikuta sita zimepangwa, askari weupe wamejilaza chini ya mabawa wakisubiri mafuta, akija kukuhadithia baada ya miaka hamsini atakuambia uwanja ulijaa. Na kwa macho yake ulijaa. Babu yako hakutunga.

Wakati huo huo mwalimu wako hakukosea, kwa sababu hakuna adui aliyefika. Kutoka Mbeya hadi Moyale, ambako ndiko ulikuwa mpaka na Abisinia (Ethiopia) ya Waitaliano, ni zaidi ya kilometa 1,400 kwa mstari wa ndege. Hakuna ndege ya Kiitaliano pale ambayo ingekuja Mbeya na kurudi nyumbani. Hivyo hapakuhitajika mizinga ya kutungulia ndege wala mahandaki, na ndiyo maana leo huyaoni. Addis Ababa ikaanguka Aprili 1941, ngome ya mwisho ya Waitaliano, Gondar, ikaanguka Novemba, na vita vikasogea mbali zaidi nasi. Ndege za uchukuzi za Afrika Kusini ziliendelea na safari kati ya Pretoria na Cairo, zikipeleka watu, barua na vipuri. Vijana wa kwetu nao wakachukuliwa kwenda Keya, na baada ya Abisinia na Madagaska wengi wakapelekwa Bama. Hao hawakuondoka kwa ndege: walikwenda kwa lori hadi reli, na kwa meli hadi ng'ambo.

Nadhani pia najua kwa nini jina la Mjerumani limeng'ang'ania mpaka kwenye hadithi za vita vya pili. Nyanda hizi zilikuwa na walowezi wengi wa Kijerumani, Iringa, Mufindi, Mbeya, na Septemba 1939 walikusanywa wakatiwa kizuizini, mashamba yao yakawekwa chini ya serikali. Halafu kuanzia 1942 wakaletwa Wazungu wengine kabisa, wakimbizi wa Kipolandi, wanawake na watoto wengi, wakawekwa kambi za Ifunda na Kidugala; makaburi yao yapo. Mtoto wa kijijini anaona Mzungu huyu amechukuliwa na polisi, Mzungu yule analetwa na lori, ndege zinapita juu. Akizeeka vyote vinakuwa hadithi moja.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ningependa ukitafute. Si dhahabu. Ni debe.

Mbeya haikuwa na reli. TAZARA ilikuja miaka ya sabini. Mafuta ya ndege yalishuka melini Dar es Salaam, yakapanda treni hadi Dodoma, yakapakiwa kwenye malori kupitia Iringa, karibu kilometa 600 za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lori lenyewe linakunywa petroli ili lilete petroli. Na hayakuja kwenye matangi. Yalikuja kwenye madebe ya bati ya galoni nne, lita 18 na kidogo, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Ndege ikihitaji lita 720, hayo ni madebe 40, makasha 20. Kila debe linafunguliwa kwa mkono, linapandishwa juu ya bawa, linamiminwa kwenye faneli iliyowekwa kipande cha ngozi laini. Ngozi ile inapitisha petroli na kuzuia maji. Ukikosea hapo, maji yakaingia kwenye tangi, injini inazimika juu ya Usangu. Kwa hiyo anayemimina hamimini kwa pupa. Anamimina taratibu, anatazama, anaisubiri ngozi, anamimina tena. Watu wa Mbeya walifanya kazi hiyo ndege kwa ndege.

Ndege ikiondoka, yanabaki madebe 40 matupu na makasha 20. Nani atayarudisha Dar? Yakaingia mjini. Debe likawa ndoo ya maji, likawa kipimo cha mahindi, likakatwa likawa taa ya kibatari, likafunguliwa na kunyooshwa likawa paa. Kasha la mbao likawa kiti, kabati, kitanda cha mtoto. Mama yangu alitunzia kanga zake kwenye kasha la petroli, na ndani ya mbao, miaka thelathini baadaye, siku ya joto ulikuwa bado unasikia harufu. Hatukuwa sisi tu. Nchi nzima ilikuwa hivyo, na petroli ya magari nayo ilikuja kwa madebe. Lakini mji wenye uwanja wa ndege ulipata mengi kuliko jirani zake. Leo ukienda soko la Mwanjelwa ukaambiwa bei ya debe la maharage, kipimo unachotajiwa ni cha chombo cha petroli, ingawa anayekuuzia anatumia ndoo ya plastiki na anakupunja kidogo.

Ndiyo, wenye mashine. Habari ya mali za Mjerumani ina chanzo cha kweli. Mwaka 1916 Wajerumani waliozingirwa walitengeneza fedha pale Tabora, zikiwemo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, jumla yake 16,198. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo zina bei kubwa leo, na tangu hapo kila mwenye jembe anaota amekuta chungu chake. Ila unganisha tarehe nilizokupa. Wajerumani waliondolewa upande huu 1916, mji ukaanza 1927, ndege za barua zikaja 1932. Mashine ikilia pale uwanjani, imepata msumari, kipande cha bati la debe, au bangili ya chuma ya kufungia ndege isipeperushwe na upepo. Na akitokea mtu wa kuwauzia "zebaki nyekundu" ili mali ijitokeze, huyo ndiye anayechimba dhahabu, na mgodi wake ni mifuko yenu.

Niliposema wanaweza kujiumiza sikuwa natania. Mkihamia sehemu zilizopiganiwa kweli, kama Malangali mwaka 1916, ardhini kuna vyuma ambavyo si misumari. Kombora kuukuu lenye kutu halijafa kwa sababu limezeeka. Ukilikuta usiliguse, usiligonge, usilibebe kwenda kuuza chuma chakavu; weka alama ukiwa mbali, waambie polisi.

Kifo cha uwanja nitakieleza kwa kifupi kwa sababu kilikuwa cha kawaida. Baada ya vita East African Airways ilianza kuruka Januari 1946 kwa ndege ndogo za mabawa mawili, baadaye zikaja Dakota, na Mbeya ikawa na safari za kiraia kwa miongo kadhaa. Lakini ndege zilizofuata hazikuhitaji tena kutua kila kilometa 400. Barabara ya lami ya kwenda Zambia ikachukua abiria. Shirika lile likavunjika 1977, na ndege kubwa za kisasa zikataka njia ndefu ambayo pale mjini haikuwezekana: upande huu nyumba, upande ule nyumba, juu mlima. Songwe ilichaguliwa kwa uwanja mpya kwa sababu iko chini, kama mita 1,350, zaidi ya mita 300 chini ya uwanja wa zamani, na ina nafasi ya njia yenye zaidi ya kilometa 3. Ilipoanza kupokea ndege Desemba 2012, uwanja wa mjini ukanyamaza. Iringa ilinusurika kwa sababu uwanja wake wa Nduli uko nje ya mji na una nafasi.

Ukitaka kuendelea mwenyewe, nenda ofisi ya ramani uombe karatasi za zamani za kipimo cha 1:50,000. Nyingi zilichorwa kutokana na picha za angani, na hapo vita vinarudi kwa mlango mwingine: kati ya 1946 na 1952 kikosi namba 82 cha anga cha Uingereza kilizunguka makoloni ya Afrika, Tanganyika ikiwemo, kikipiga picha hizo kwa ndege za Lancaster. Zilikuwa zimeundwa kupiga mabomu miji ya Ujerumani, zikapewa kamera. Kwenye picha za wakati ule uwanda wa majani uliofyekwa unaonekana waziwazi kama kiraka kwenye nguo.

Halafu nenda kwa bibi yako, kama yu hai, au kwa mzee yeyote wa mtaa aliye na stoo isiyofagiliwa. Muombe akuonyeshe debe la bati, si la plastiki. Mara nyingi limekatwa mdomo na kutiwa mpini wa mti. Ligeuze. Futa masizi kwenye kitako na ubavuni kwa kitambaa chenye majivu na maji kidogo, kisha liinamishe kwenye mwanga wa jioni, maana herufi zimegongwa kwenye bati lenyewe na hazionekani ukitazama moja kwa moja. Ukizikuta, nitumie picha, na uniandikie debe hilo lilifika vipi nyumbani.